Kawada yuko wapi kwenye orodha ya wakubwa? Mimi naanza na vile alivyokuwa anaanguka

Naweka msimamo wangu hapa juu kabisa: Toshiaki Kawada ni mmoja wa wanamieleka wakubwa kabisa waliowahi kupanda ulingoni, Japani na kwingine kote, na sisemi hivyo kwa kumwonea huruma wala kwa sababu ni jina la pembeni ambalo ukilitaja unaonekana mjuzi. Nasema hivyo kwa sababu nimeziangalia mechi zake za miaka ya tisini tena na tena, na kila nikirudi naona kitu ambacho sikioni kwa wengine hata wale niliowapenda kabla yake. Sasa kwanini inabidi kubishana? Kwa sababu ukileta vile vipimo vya kawaida vya mtu mkubwa kwenye mieleka, Kawada mara nyingi anatokea wa pili, wa tatu, wa nne hivi, na watu wanamuacha hapo hapo.

Wengi wetu huku mieleka tumeijua kupitia runinga na WWE, na tukazoea kuuliza maswali yale yale. Kashika mkanda mara ngapi? Kajaza ukumbi gani? Hata mama nyumbani anamjua? Kwa Japani maswali hayo yanampa ushindi Antonio Inoki bila jasho, mtu aliyepigana na Muhammad Ali pale ukumbi wa Budokan, Tokyo, tarehe 26 Juni 1976 na baadaye akaingia bungeni. Au Giant Baba. Au Rikidozan aliyeianzisha hiyo biashara yote baada ya vita. Au Mitsuharu Misawa, ambaye ndo alikuwa uso wa kampuni ya All Japan wakati Kawada yuko kwenye ubora wake. Kizazi cha sasa kitakutajia Hiroshi Tanahashi aliyeibeba New Japan, kampuni pinzani, ilipokuwa hoi, au Kazuchika Okada. Kawada nje ya Japani alijulikana zaidi kwa kanda za VHS ambazo mashabiki walikuwa wanatumiana kwa posta, kanda iliyokopiwa mpaka picha inaruka ruka, na huko ndiko jina lake lilikokua.

Mikanda anayo lakini, tusije tukamfanya maskini. Triple Crown, ile mikanda mitatu ya All Japan iliyounganishwa na Jumbo Tsuruta, nyota wao wa wakati huo, mwaka 1989, Kawada kaishika mara 5. Champion Carnival, ligi yao ya kila mwaka, kachukua mara 2, 1994 na 1997. Mkanda wa dunia wa timu za watu wawili kaushika mara 6 akiwa na Akira Taue. Ila Misawa naye Triple Crown kaishika mara 5, kwahiyo kwa hesabu hiyo hatufiki popote.

Na kwa mieleka hesabu hiyo ina tatizo kubwa zaidi. Matokeo yanapangwa, wote tunajua, wala si siri ya kuogopa kuitaja. Ukihesabu mikanda ya Kawada unahesabu maamuzi ya Giant Baba, bosi aliyekuwa anaamua nani ashinde na lini, ni kama unampa Kawada sifa au lawama kwa kalamu ya mtu mwingine. Sasa kilicho chake mwenyewe ni kipi? Ni namna alivyopiga, alivyopigwa, alivyotembea, alivyokaa kwenye kona akimsubiri mwenzake, muda aliouacha upite kabla ya kuinuka. Hivyo hakuna bosi anayemwandikia mtu. Na kwenye hivyo, ntaeleza, simuoni wa kumzidi.

Turudi nyuma kidogo maana bila historia hii mechi zenyewe hazieleweki vizuri. Kawada kazaliwa tarehe 8 Desemba 1963 huko mkoa wa Tochigi, na shuleni Ashikaga alikuwa kwenye timu ya mieleka ya ridhaa pamoja na Misawa, aliyemtangulia darasa moja. Misawa akaingia All Japan, Kawada akafuata, akaanza kupigana Oktoba 1982. Yani tangu mwanzo mbele yake yuko kaka wa shule. Misawa akapewa vazi la Tiger Mask mwaka 1984, kinyago na umaarufu wake, Kawada akabaki huku chini kwenye mechi za mwanzo mwanzo, baadaye akaingia kundi la Genichiro Tenryu. Rangi nyeusi na njano za Tenryu ndo zilizokuja kuwa zake mpaka mwisho, na zile mbinu ngumu ngumu, hakuna kutekenyana, ni teke la kifua na kofi la shingo linalosikika mpaka viti vya juu.

Mwaka 1990 Tenryu akaondoka kwenda kuanzisha maisha kampuni mpya ya SWS, na Samson Fuyuki, mwenzake Kawada kwenye timu yao ya Footloose, naye akaenda. Kawada akabaki. Likumbukeni hilo, tutalihitaji baadaye. Mwezi wa tano wa mwaka huo, tarehe 14 Mei 1990, katikati ya mechi ya timu, Misawa akamgeukia mwenzake wa upande mmoja akamwambia amfungue kamba za kile kinyago. Mwenzake huyo alikuwa Kawada. Ukiangalia ile video unaona mikono ya Kawada kisogoni kwa Misawa anahangaika na kamba, kinyago kinatoka, ukumbi unalipuka, Misawa anakirusha. Wiki chache baadaye, tarehe 8 Juni, Misawa akampiga Jumbo Tsuruta pale Budokan na nyota mpya ikazaliwa rasmi. Aliyemfungulia kinyago alikuwa kando, yuko upande wake, anashangilia.

Miaka miwili na kitu wakawa kundi moja, Misawa, Kawada, Kenta Kobashi na vijana wenzao dhidi ya wakubwa wa Jumbo. Halafu mwishoni mwa 1992 Jumbo akaugua homa ya ini, akatoka kwenye mechi kubwa, na kampuni ikabaki haina mtu wa kusimama mbele ya Misawa. Ndo mwaka 1993 Kawada akavuka upande wa pili akaungana na Taue, mtu ambaye kabla ya hapo walikuwa wanachukiana mpaka mechi zao zilikuwa ugomvi mtupu. Sababu ya kibiashara ipo wazi, Baba alihitaji mpinzani. Lakini Kawada alivyoibeba, ilionekana kama ni jambo alilokuwa nalo moyoni tangu Ashikaga, kijana aliyechoka kuwa nyuma ya kaka.

Sasa tuingie ulingoni. Mechi ninayowapa watu kwanza ni ya tarehe 3 Desemba 1993, fainali ya ligi ya timu za wawili, Kawada na Taue dhidi ya Misawa na Kobashi. Goti la Kawada ni bovu na wapinzani wanajua. Misawa na Kobashi, ambao ndo wale watu wema wa hadithi, vipenzi vya ukumbi, wanaamua kulishambulia hilo goti, na hapo Kawada anafanya kitu ambacho mpaka leo nikikiona nasimamisha video. Mtu anapiga mateke, ndiyo silaha yake kuu. Kwahiyo anapiga teke, teke linampata mwenzake barabara, na yeye mwenyewe anaanguka kwa sababu mguu alioutumia haumbebi tena. Anainuka anapiga tena, anaanguka tena. Hajifanyi kusahau kwamba goti linauma pale anapotakiwa kuonyesha ushujaa, kama wengi wanavyofanya, dakika kumi mtu anashika mguu halafu dakika ya kumi na moja anakimbia kwenye kamba kama kwamba hakukuwa na kitu. Kawada goti likiharibika linabaki limeharibika. Taue anajitahidi kupigana peke yake amlinde, Kawada yuko pale ukingoni kashikilia kamba, uso umekunjamana, anataka kuingia na anajua akiingia anaenda kuwa mzigo. Anaingia. Wanashindwa, na aliyelazwa mabega chini ni yeye.

Yani hajashinda kitu, na ukitoka pale unamuwaza yeye tu.

Hiki ndo kiini cha ninachosema. Kuanguka kwa Kawada. Watu wanaongea sana kuhusu mateke yake na wako sahihi, lile la kuruka akimpiga mtu kichwani ni la kutisha, na ule mkandamizo wake wa Stretch Plum anaomvuta mtu shingo kwa nyuma, na bakidropu yake inayomdondosha mtu shingoni. Lakini mpige Kawada kiwiko uone. Misawa alikuwa na kiwiko kizito kuliko mtu yeyote Japani, na wengi wakipigwa nacho walianguka mara moja, chali, safi, kama walivyofundishwa. Kawada haanguki mara moja. Kwanza macho yanapotea, taya inalegea mpaka unaona lile pengo la meno ya mbele, anabaki kasimama sekunde moja, mbili, halafu magoti yanakatika kama ya mlevi anayejaribu kuonyesha kwamba hajalewa, anapiga hatua moja ya kwenda pembeni, anajaribu kushika kitu ambacho hakipo, ndipo anakwenda chini. Na akiwa chini uso wake una hasira. Siyo uso wa mtu anayeomba huruma, ni wa mtu anayejua kabisa nini kimempata na hakubali. Watu elfu kumi na kitu pale Budokan, ukumbi uliojengwa kwa ajili ya judo ya Olimpiki ya 1964, wanaona vizuri mpaka viti vya juu kabisa kwamba kile kiwiko kimeingia. Kwahiyo Kawada ndiye aliyekifanya kiwiko cha Misawa kiwe kile kilivyo. Nguvu ya Misawa tunaisoma kwenye mwili wa Kawada.

Tarehe 3 Juni 1994, Misawa bingwa, Kawada kaja na ushindi wa Champion Carnival mkononi, Budokan tena. Wengi wanaiita mechi bora kuliko zote za mmoja kwa mmoja, Dave Meltzer, mwandishi wa mieleka anayezipa mechi nyota, aliipa tano, na mimi sina ugomvi nao. Ni zaidi ya dakika 35. Nusu ya kwanza wanapimana kwa nidhamu sana, halafu pole pole Kawada anaanza kuonekana kwamba leo anaweza, na ukumbi unaanza kuamini, na hapo unasikia kitu cha ajabu, watu wanaoimba jina la Misawa na watu wanaoimba jina la Kawada wanapishana mpaka hujui tena nani kipenzi. Misawa anabanwa mpaka anatoa kitu ambacho alikuwa hakitoi, ile Tiger Driver '91, anayomfunga mtu mikono yote miwili kwa nyuma halafu anamdondosha shingo na kichwa kwanza, na kwa kuwa mikono imefungwa huwezi kujikinga hata kidogo. Mechi ikaisha hapo. Kawada kashindwa kwa mara ya tatu kugombea mkanda ule mbele ya Misawa, maana Oktoba 1992 alishindwa na Julai 1993 alishindwa. Atashindwa tena Julai 1995, na Juni 1997. Mara tano jumla kabla hajamshinda kwa mkanda huo.

Mtu anaweza kusema, basi si ndo jibu, mtu wa kushindwa mara tano ni mkubwa gani? Lakini ule ushindi wa bingwa una uzito gani kama aliyepigwa hakukufanya uogope? Misawa alihitaji mtu ambaye kila mara ukiingia ukumbini unaamini leo ndo leo, hata baada ya kuona mara nne kwamba haikuwa leo. Jaribu kufikiria ugumu wa kazi hiyo. Watu wanajua umeshindwa. Wanajua utashindwa. Na bado unawainua vitini.

Ndo maana tarehe 9 Juni 1995 iko pale ilipo. Timu zile zile nne, Misawa na Kobashi upande mmoja, Kawada na Taue upande wa pili, dakika zaidi ya 40. Miezi miwili kabla, kwenye Champion Carnival, teke la Kawada lilikuwa limemvunja Misawa mfupa wa pembeni ya jicho, mvunjiko wa kweli, na sasa hadithi ya mechi ikajengwa juu ya jeraha la kweli. Mguu wa Kobashi nao umefungwa bandeji na unashambuliwa bila huruma mpaka hana kazi tena. Mwishoni kuna Misawa yuko chini hajiwezi na Kobashi, mguu mmoja, anajivuta anamlalia mwenzake kumfunika asipigwe. Wengi wanamkumbuka Kobashi hapo na wana haki. Ila mwangalieni Kawada anavyomtoa. Hana haraka. Hafurahii. Anamwondoa kama mtu anayeondoa kitu kilichoziba njia kwa sababu huko mbele kuna jambo alilolisubiri miaka, anamnyanyua Misawa pawabomu, yani juu mabegani halafu chini kwa mgongo, anamlaza, refa anahesabu tatu. Mara ya kwanza Kawada kumlaza Misawa mabega chini. Ukumbi unapiga kelele ambayo sijaisikia mechi nyingine, ni furaha na mshtuko vimechanganyika.

Kuna moja naitaja kwa kifupi japo inastahili makala yake. Tarehe 17 Januari 1995 tetemeko la Hanshin liliipiga Kobe, zaidi ya watu 6,000 walikufa. Siku mbili baadaye All Japan walikuwa na onyesho Osaka, jirani kabisa, Kawada bingwa dhidi ya Kobashi. Wakapigana dakika 60 kamili wakatoka sare. Watu walikuja, siku mbili baada ya lile, wakakaa wakaangalia wanaume wawili wakipigana saa nzima hakuna aliyekubali kulala. Kwangu hiyo mechi siipimi kwa nyota.

Haya, sasa upande wa pili, maana kuna hoja dhidi yake na si nyepesi.

Hoja ya kwanza ni kwamba ile staili yao iliua watu. Sisemi kwa kuremba. Miaka yote ile ya kudondoshana kwa shingo, kila mwaka inabidi kitu kikubwa kuliko cha mwaka jana, na Misawa akafia ulingoni Hiroshima tarehe 13 Juni 2009 baada ya bakidropu moja tu ya kawaida, shingo ikiwa imeshabeba miaka ishirini ya mizigo. Kobashi magoti na shingo vyote vilikwisha. Kawada alikuwa sehemu ya hayo, tena sehemu kubwa. Tarehe 22 Januari 1999 Osaka, akigombea mkanda na Misawa, alivunjika mkono mapema kwenye mechi kwa ngumi yake mwenyewe kwenye kichwa cha Misawa, akaendelea. Akajaribu kumnyanyua pawabomu, mkono haukuwa na nguvu ya kumfikisha mabegani, Misawa akabaki ananing'inia kichwa chini, na Kawada akamwachia hivyo hivyo, wima, juu ya kichwa. Ni tukio la kutisha, mimi silifurahii, na nashangaa watu wanaolikata kipande wakalirusha kama burudani. Kawada akashinda mechi, akaacha mkanda kwa sababu ya mkono. Siku tisa baadaye Giant Baba akafariki.

Kwahiyo nikisema Kawada mkubwa siyo kwamba nasahau bei iliyolipwa. Ila nawaomba mwangalie kwa makini kipi hasa kinafanya mechi zake zibaki. Ile ya 1993 yenye goti, hakuna hata mdondosho mmoja wa kichaa unaoukumbuka, unakumbuka mtu anayeanguka kwa teke lake mwenyewe. Ukubwa wake ungekuwepo hata bila shingo kuumia. Hilo siwezi kulisema kwa kila mtu wa kizazi kile.

Hoja ya pili, kwamba hakuwa mtu wa biashara, hakuwa uso wa kampuni, Budokan ilijazwa na jina la Misawa. Kweli. Na alipopewa nafasi ilikuja kwa kuchelewa na ikaondolewa haraka. Aprili 1997 ndo alimlaza Misawa kwa mara ya kwanza mmoja kwa mmoja, lakini kwenye mchujo wa watatu, Misawa akiwa ametoka kupigana dakika 30 na Kobashi muda huo huo. Tarehe 1 Mei 1998 All Japan wakaingia Tokyo Dome kwa mara ya kwanza na onyesho lao wenyewe, na Kawada akamshinda Misawa kwa mkanda, mwisho kabisa wa safari ya miaka sita. Nikiri mechi yenyewe ni nzuri ila siyo ile ya 1994, miili ilishachoka na hadithi ilishapita muda wake, ilitakiwa kufanyika mwaka 1995 au 1996 moto ukiwaka. Na tarehe 12 Juni, wiki sita tu, mkanda ukaenda kwa Kobashi. Kama kuna mahali ambapo nina hasira na kalamu ya Baba ni hapo. Mtu kasubiri miaka sita unampa wiki sita.

Lakini angalieni kilichofuata mwaka 2000. Misawa, ambaye sasa alikuwa rais wa kampuni, akagombana na mjane wa Baba, akaondoka kuanzisha kampuni yake ya NOAH, na karibu kila mwanamieleka Mjapani wa All Japan akaondoka naye. Kobashi kaenda. Jun Akiyama kaenda. Taue, mwenzake wa miaka saba, kaenda. Wajapani waliobaki ni wawili, Kawada na mzee Masanobu Fuchi. Mwaka 1990 alibaki bosi wake alipoondoka na sasa kabaki tena, na safari hii hakuna kampuni ya kubakia, ni jina na deni la heshima. Kutoka hapo ikabidi mlango ufunguliwe kwa mahasimu wakubwa New Japan, na tarehe 9 Oktoba 2000 Kawada akaingia Tokyo Dome, nyumba ya watu, kukutana na Kensuke Sasaki aliyekuwa bingwa wao wa IWGP, mkanda wao mkuu. Siyo kwa mkanda, ila kila mtu alijua kinachopiganiwa ni nini. Anaingia na nyimbo yake, nyeusi na njano, peke yake kabisa, na mechi ni fupi, ngumu, viganja na mateke, Kawada akashinda, na Sasaki akauachia mkanda wake kwa aibu. Wanaosema hakuwahi kubeba kampuni waiangalie hiyo. Mwaka 2000 All Japan ilisimama juu ya miguu yake.

Na baada ya hapo akapata kile ambacho Baba hakumpa, utawala mrefu, kuanzia Septemba 2003 mpaka Februari 2005, akautetea mkanda mara 10, kati ya hizo moja dhidi ya Shinya Hashimoto, nyota wa zamani wa New Japan, Februari 2004, na nyingine dhidi ya Mick Foley ambaye wengi huku mnamjua kutoka WWE. Umri umeenda, magoti yamekwisha, lakini uso ni ule ule. Miaka ya HUSTLE, ile kampuni iliyogeuza mieleka kuwa sarakasi, naipita haraka, alihitaji kula kama mtu mwingine yeyote. Mechi yake ya mwisho ilikuwa Agosti 2010, na tangu mwaka huo anaendesha mgahawa wake mdogo wa rameni huko Setagaya, Tokyo, anapika mwenyewe.

Sasa nimpange wapi. Kwa umuhimu wa historia Rikidozan, Baba na Inoki wako mbele yake na watabaki mbele, bila wao hakuna ulingo wa yeye kupanda. Jumbo Tsuruta alikuwa mwanamichezo wa kuzaliwa, mtu wa Olimpiki ya 1972, na mwaka 1990 hadi 1992 hakuna aliyemfikia, lakini Jumbo kwenye miaka mingi ya kazi yake alikuwa anapigana kama mtu mwenye akiba, na Kawada sijawahi kumuona na akiba. Jushin Liger ni mbunifu kuliko wote, kabadilisha mieleka ya wenye uzito mdogo dunia nzima, hapo natulia. Kobashi, mashabiki wake ni wengi na wanampenda kwa machozi, nami nampenda, ila Kobashi anakuambia ujisikie vipi, kila kitu anakionyesha mara mbili, na Kawada anakuachia ugundue mwenyewe.

Anabaki Misawa, na hapa ndo marafiki zangu wananinunia. Misawa alikuwa bingwa bora, kiongozi bora, jina kubwa zaidi, na kwa utulivu wake ulingoni hana mfano. Lakini ondoa Kawada kwenye mechi kubwa za Misawa uone kinachobaki, halafu fanya kinyume chake: Kawada na Kobashi Osaka bado ipo, Kawada na Sasaki bado ipo, Kawada na Steve Williams ya Oktoba 1994 alipochukua mkanda wake wa kwanza bado ipo, Kawada na Hashimoto ipo. Kwa kazi ya ulingoni, kengele ya mwanzo mpaka kengele ya mwisho, mimi Kawada namweka wa kwanza Japani, juu ya Misawa, na kwenye dunia nzima namweka kwenye watano, pamoja na akina Ric Flair, na kama kuna mtu anataka kumshusha aje na mechi siyo aje na idadi ya mikanda. Aanze na ile ya tarehe 3 Desemba 1993, aangalie goti tu, halafu tuongee.